Rubu ya Jaibu: Namna ya Kuichora na Kuitumia Nairobi

Wanazuoni wa Kiislamu wa enzi za kati mara nyingi huletwa kwetu kama orodha ya majina: fulani alianzisha aljebra, fulani alipima dunia, fulani aliandika kitabu cha tiba. Orodha hiyo husomwa jioni na asubuhi imeshasahaulika. Njia bora ya kuwafahamu watu hawa ni kushika walichoshika. Rubu ya jaibu ni chombo ambacho mtu yeyote mwenye rula, bikari na subira ya jioni mbili anaweza kukitengeneza mezani. Ukimaliza utaweza kupima kimo cha jua, kujua saa, kupata wakati wa alasiri, na kuelekeza kibla, bila betri na bila mtandao.

Neno rubu tunalo tayari katika Kiswahili: ni robo. Jaibu ndiyo saini ya hisabati za shuleni. Chombo ni robo ya duara iliyojaa mistari ya miraba, uzi uliofungwa kwenye kona, shanga inayoteleza juu ya uzi, na timazi mwishoni. Maelezo yake ya mwanzo yanatoka Baghdad ya karne ya 9 na yanahusishwa na mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, katika utawala wa khalifa al-Ma'mun (813–833). Kuanzia karne ya 13, misikiti mikubwa ya Misri na Sham (Syria na jirani zake) iliajiri mpima-wakati, muwaqqit, na rubu ikawa chombo chake cha kila siku. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya huko Damascus. Karne moja baadaye Sibt al-Maridini wa Cairo aliandika risala ya namna ya kuitumia rubu, na wanafunzi wakainakili kwa vizazi.

Kwa nini rubu na si astrolabu, kile chombo cha duara cha kupimia jua na nyota, ambayo ndiyo maarufu? Astrolabu ya kawaida huhitaji sahani iliyochongwa kwa latitudo maalumu. Sahani ya Baghdad haikufai Nairobi. Rubu ya jaibu haina mji. Ni kikokotoo kitupu: unakipa pembe, kinakupa uwiano. Waliokibuni hawakuishi kusini mwa ikweta kama sisi, lakini kinafanya kazi hapa sawasawa.

Vifaa

Tafuta kipande cha plaiwudi cha milimita 3 au 4, sentimita 22 kwa 22. Mafundi wa fanicha Gikomba huwa na vipande vya kutupa vinavyotosha. Kadibodi pia inafaa kwa jaribio, ila msimu wa mvua za masika hujikunja, na kadibodi iliyojikunja hubadilisha kila kipimo. Karatasi nyeupe ya A4, penseli ngumu iliyochongwa vizuri, rula ya chuma, bikari inayofunguka hadi sentimita 18. Uzi mwembamba usionyumbuka: ule wa fundi viatu uliopakwa nta ni mzuri kuliko nailoni. Shanga moja ndogo. Nati ya boliti yenye uzito wa gramu 10 hadi 20 iwe timazi. Kipande cha bati la mkebe, mkasi wa bati na msumari mwembamba.

Kuchora

Weka kitovu kwenye kona ya juu kushoto ya karatasi. Kutoka hapo chora mstari mmoja kwenda kulia na mwingine kushuka chini, kila mmoja sentimita 18. Ule wa kulia uite Sitini. Ndilo jina lake la asili, as-sittini, kwa kuwa umegawanywa sehemu 60, na Mswahili hahitaji litafsiriwe. Ule wa kushuka uite Mwanzo, maana digrii zinaanzia hapo.

Pembe ya kitovu ikikosea, rubu yote imekosea. Ipime hivi: weka alama milimita 90 kwenye Mwanzo na milimita 120 kwenye Sitini. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe milimita 150 kamili. Ikiwa ni 151 pembe yako ni pana kwa zaidi ya nusu digrii. Futa, anza tena.

Sasa gawanya kila ukingo sehemu 60, kila sehemu milimita 3. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapima milimita 3, wanasogeza rula, wanapima 3 nyingine. Kosa dogo la kila hatua hujilimbikiza, na ukifika sehemu ya 60 umepotea milimita 2 au 3. Laza rula mara moja tu, sifuri yake juu ya kitovu, usiiguse tena, kisha tia alama 3, 6, 9, 12 hadi 180. Chora duara kutoka kitovu kwa bikari ya sentimita 18, kisha mistari yote: kutoka kila alama ya Sitini kushuka wima hadi kwenye tao, na kutoka kila alama ya Mwanzo kwenda kulia hadi kwenye tao. Mistari ya kila sehemu ya tano iwe mizito. Mingine iwe hafifu. Andika namba 5, 10, 15 hadi 60 kwenye kingo zote mbili ukianzia kitovu.

Kwa nini 60 na si 100? Hesabu ya nyota ilirithiwa kutoka Babeli kupitia Wagiriki, nayo ilihesabu kwa sitini. Kila sehemu ilikatwa tena vipande 60 vilivyoitwa daqiqa, yaani kitu chembamba. Dakika tunayoitaja kila siku ilikuwa kipande cha kipimo muda mrefu kabla saa za ukutani hazijawa kitu cha kawaida.

Digrii za tao zinahitaji mkono mtulivu. Usibadilishe ufunguo wa bikari, bado ni sentimita 18. Weka ncha mwisho wa Mwanzo, kata tao: hapo ni digrii 60. Weka ncha mwisho wa Sitini, kata tena: hapo ni 30. Umepata 0, 30, 60 na 90 bila kupima kitu. Gawanya kila kimoja katikati kwa bikari upate 15, 45 na 75. Kisha funga bikari hadi milimita 15.7, ambayo ni hatua ya digrii 5 kwa tao la ukubwa huu, na katika kila fungu la 15 piga hatua mbili. Digrii moja moja ni milimita 3.1, unaweza kuzikadiria kwa rula. Namba zianze 0 upande wa Mwanzo na ziishie 90 upande wa Sitini.

Kabla ya kubandika, fanya mtihani. Simama kwenye digrii 30 ya tao, panda juu kwa mstari wima hadi Sitini: lazima usome 30. Kutoka digrii 45 lazima usome 42.4. Kutoka digrii 60, karibu 52. Hizo namba ndizo jaibu za pembe hizo. Zikipishana na zako kwa zaidi ya nusu sehemu, tafuta kosa kwenye tao kwanza. Miraba huwa salama mara nyingi.

(Jaibu lenyewe ni neno lenye safari. Wahindi waliita nusu ya uzi wa upinde wa duara jya au jiva, Waarabu wakaandika jiba, na kwa kuwa irabu hazikuandikwa likasomeka jayb, uwazi wa kifuani mwa kanzu. Watafsiri wa karne ya 12 huko Ulaya wakalitafsiri kwa Kilatini sinus, lenye maana hiyo hiyo, na ndipo wanafunzi wa dunia nzima walipopata saini.)

Kuna watakaopenda kuchora kwa kompyuta na kuchapisha saiba. Ni sawa, ila pima karatasi ikitoka. Printa ikipunguza ukubwa pande zote mbili kwa kiasi kimoja hakuna hasara, kwa sababu kila kitu hapa ni uwiano. Ikivuta upande mmoja tu, kwa mfano milimita 180 kulia na 178 chini, itupe.

Uzi, shanga na vilenga

Bandika karatasi kwa gundi iliyopakwa nyembamba kote, laza kitabu kizito juu yake usiku kucha. Toboa kitovu kwa sindano, si kwa msumari: tundu likiwa pana uzi utacheza, na uzi ukicheza milimita 1 kitovuni unapoteza theluthi ya digrii. Pitisha uzi kutoka nyuma, funga fundo, uache urefu wa sentimita 25 upande wa mbele.

Shanga ikipitishwa mara moja itaporomoka hadi chini kila unapoinua rubu. Pitisha uzi ndani yake, uzungushe, upitishe tena mara ya pili. Sasa inasogea ukiisukuma kwa kucha na inakaa ukiiacha. Mwisho wa uzi funga nati.

Vilenga ni viwili, vya bati, vimekunjwa umbo la L na kubandikwa kando ya Sitini, kimoja karibu na kitovu na kingine mwisho wa tao. Kile cha kitovuni kitoboe tundu la milimita 2. Cha pili usitoboe. Chora msalaba mdogo. Tundu na msalaba viwe na kimo kile kile juu ya ukingo, tuseme milimita 10. Kila milimita 1 ya tofauti ni kosa la theluthi ya digrii, na litakufuata katika kila kipimo utakachofanya. Ili kulihakiki, fanya kama fundi mwashi: kwa mpira wa maji weka alama mbili za usawa mmoja kwenye kuta mbili zinazotazamana, lenga kutoka moja hadi nyingine kwa kuoanisha tundu na msalaba, na uzi lazima ulale juu ya 0.

Kupima jua

Usilitazame jua kwa jicho kupitia tundu, hata sekunde moja, hata likiwa nyuma ya wingu jepesi. Linaunguza jicho bila maumivu. Unachotazama ni doa la mwanga.

Shika rubu wima, kitovu kielekee jua. Inua au shusha hadi mwanga unaopita kwenye tundu uangukie msalaba. Doa litakuwa na upana wa karibu milimita 3.6, kwa kuwa jua si nukta bali sahani ya nusu digrii. Weka msalaba katikati yake. Acha timazi itulie, bana uzi kwa kidole gumba juu ya tao, soma digrii. Hicho ndicho kimo cha jua. Jua likiwa kwenye upeo wa macho uzi unalala kwenye Mwanzo, yaani 0. Likiwa utosini unalala kwenye Sitini, 90.

Upepo ndio adui. Juu ya ghorofa za Eastleigh au Pangani timazi haitulii mchana. Jikinge na tangi la maji au ukuta. Pima mara tatu, uchukue ya katikati. Julai na Agosti mawingu ya Nairobi hufunika anga siku nzima, kwa hiyo anza Januari au Februari ukiweza.

Jua liko wapi leo

Karibu kila hesabu inataka kujua jua liko digrii ngapi kaskazini au kusini mwa ikweta. Tuuite mwinamo. Mwinamo mkubwa kabisa leo ni digrii 23.4. Mwanafalaki al-Battani, aliyepima huko Raqqa, Syria, na kufariki mwaka 929, alipata digrii 23 na dakika 35, na jaibu ya pembe hiyo ni sehemu 24 kamili katika 60. Ndiyo maana rubu nyingi za kale zina tao dogo lililochorwa kwenye 24. Leo jaibu ya mwinamo huo ni sehemu 23.9, tofauti ambayo kwenye rubu yako haifiki nusu milimita.

Hesabu siku tangu 20 Machi. Kwa nusu ya mwaka ya Machi hadi Septemba punguza siku 3 katika kila 90, kwa sababu katika miezi hiyo jua hutembea polepole. Nusu nyingine siku moja ni digrii moja. Ukivuka 21 Juni hesabu kinyume, siku zilizobaki hadi 22 Septemba. Vivyo hivyo kuanzia 22 Septemba hadi 21 Desemba, kisha kinyume hadi 20 Machi.

Mfano, 5 Mei. Siku ni 46. Ukipunguza, digrii 44 na nusu. Laza uzi kwenye Mwanzo, sogeza shanga hadi 23.9. Peleka uzi kwenye digrii 44 na nusu. Kutoka kwenye shanga panda juu hadi Sitini: utasoma karibu 16.8. Kutoka 16.8 shuka wima hadi kwenye tao: digrii 16 na robo. Tarehe 5 Mei jua liko digrii 16 na robo kaskazini mwa ikweta. Kwa mikono yako umefanya kuzidisha kwa saini na kutafuta pembe yake, bila kuandika hata namba moja.

Nairobi iko digrii 1.3 kusini. Jua likiwa kaskazini, ongeza 1.3 kwenye mwinamo. Likiwa kusini, toa 1.3. Unachopata ni umbali wa jua kutoka utosini wakati wa adhuhuri. Tarehe 21 Juni ni 24.7, kwa hiyo kimo cha adhuhuri ni 65.3, na kivuli chako kinaangukia kusini. Tarehe 21 Desemba ni 22.1, kimo ni 67.9, kivuli kinaangukia kaskazini. Karibu na 17 Machi na 26 Septemba jua linapita utosini kabisa na mlingoti haupati kivuli.

Ukitaka kwenda kinyume na kupima latitudo yako mwenyewe, chagua Juni au Desemba. Kuanzia saa 6:10 hadi saa 6:55 mchana pima kimo kila dakika 5. Kikubwa kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Machi haifai: jua la utosini hubadilisha kimo digrii 1 kila dakika 4, na kilele kinakuponyoka kabla timazi haijatulia. Digrii moja juu ya ardhi ni kilomita 111, kwa hiyo kosa la nusu digrii litakutoa Nairobi na kukupeleka Murang'a au karibu na Kajiado. Ukipata kati ya 0.8 na 1.8 rubu yako ni nzima.

Alasiri

Kwa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara hapa kwetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kivuli chake cha adhuhuri kuongeza urefu wa kitu chenyewe. Vitabu vya kale hupima mlingoti kwa vidole 12 au nyayo 7. Kwenye rubu ndogo 12 iko karibu mno na kitovu, na kosa dogo la uzi linakuwa kubwa. Tumia 30, uwiano ni ule ule.

Laza uzi kwenye kimo cha adhuhuri. Tafuta 30 kwenye Sitini, shuka hadi ukutane na uzi, nenda kushoto hadi Mwanzo, soma kivuli. Tarehe 21 Juni, kwa kimo cha 65.3, kivuli ni 13.8. Ongeza 30: 43.8. Kutoka 43.8 ya Mwanzo nenda kulia mpaka ukutane na mstari unaoshuka kutoka 30 ya Sitini. Pitisha uzi juu ya nukta hiyo na usome tao: 34.4. Mchana jua likishuka hadi kimo hicho, alasiri imeingia. Siku ambazo jua limepita utosini hakuna kivuli cha kuongeza, na jibu ni 45 moja kwa moja.

Saa

Hapa Nairobi inatupa zawadi. Kutoka kimo cha jua kwenda kwenye saa, muwaqqit wa Damascus alilazimika kusahihisha kwa latitudo ya digrii 33 na nusu, hatua kadhaa za ziada. Sisi tuko karibu sana na ikweta hivi kwamba tukiiacha latitudo kabisa tunapoteza dakika 3 tu au pungufu kwa sehemu kubwa ya asubuhi na alasiri.

Laza uzi kwenye digrii za mwinamo wa siku, na kutoka kwenye tao nenda kushoto hadi Mwanzo. Kwa 21 Juni unapata 55. Rudisha uzi kwenye Mwanzo, weka shanga kwenye 55. Sasa chukua kimo ulichopima, mfano 34.4: kutoka kwenye tao panda juu hadi Sitini, 33.9. Zungusha uzi mpaka shanga ikae juu ya mstari unaoshuka kutoka 33.9. Soma tao: 38.

Digrii hizo 38 ni safari ya jua tangu kuchomoza, digrii 15 kwa saa. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, jibu linatoka kwa Kiswahili moja kwa moja. Ingekuwa asubuhi, gawanya kwa 15: saa 2, zinabaki digrii 8, kila moja dakika 4, yaani saa 2:32. Ikiwa ni alasiri toa kwanza kutoka 180: zinabaki 142, yaani saa 9:28. Hii ni saa ya jua. Mtu anayetumia hesabu ya kuanzia usiku wa manane angeongeza hatua, sisi hatuhitaji.

Saa ya ukutani iko mbele, maana Kenya hufuata saa ya longitudo 45 na Nairobi iko 36.8. Tofauti ni dakika 33 kwa wastani, lakini haikai hapo mwaka mzima. Katikati ya Februari ongeza 47, katikati ya Aprili 33, katikati ya Mei 29, katikati ya Juni 33, mwisho wa Julai 39, mwanzo wa Septemba 33, mwanzo wa Novemba 16 tu, na Krismasi 33. Kwa mfano wetu wa Juni tunaongeza 34 na kupata saa 10:02. Hesabu kamili yenye latitudo hutoa saa 10:00. Jua likikaribia utosini, kimo cha zaidi ya digrii 60 hivi, usiitegemee njia hii: shanga huteleza juu ya mstari karibu sambamba nao na huwezi kujua imekaa wapi hasa.

Kibla

Kwanza tafuta kaskazini ya kweli kwa duara la Kihindi, kama wanafalaki wa Kiislamu walivyoliita. Kwenye sakafu iliyo sawa chora duara la nusu-kipenyo cha sentimita 15 na usimamishe kijiti cha sentimita 15 katikati, wima kwa timazi. Kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi ncha ya kivuli itagusa duara ikiingia ndani, weka alama. Kati ya saa 9 na saa 10 alasiri itaigusa tena ikitoka, weka alama. Mstari kati ya alama mbili ni mashariki na magharibi. Usitumie dira ya simu karibu na nondo za zege, itakudanganya kwa digrii nyingi.

Makka iko digrii 21.4 kaskazini na longitudo 39.8. Kutoka Nairobi tofauti ya latitudo ni 22.7, ya longitudo ni 3.0. Njia ya al-Battani ni fupi: tafuta jaibu ya 22.7, ambayo ni 23.2, uiweke kwenye Mwanzo. Jaibu ya 3.0 ni karibu 3.1, iweke kwenye Sitini. Pitisha uzi juu ya nukta zinapokutana na usome tao: karibu digrii 7 na robo tatu mashariki ya kaskazini.

Njia hiyo ilikuwa ya kukadiria, na waliokuja baadaye walijua hivyo. Al-Biruni alikamilisha mwaka 1025 kitabu kizima cha kupima mahali pa miji ili kibla cha Ghazna, katika Afghanistan ya leo, kipatikane kwa hesabu kamili ya tufe. Kwa hesabu hiyo kamili kibla cha Nairobi ni digrii 7.2. Sakafuni, kutoka ukutani pima mita 1 kuelekea kaskazini ya kweli, kisha sentimita 12.6 kuelekea mashariki, na uvute mstari kutoka ulipoanzia. Kwa njia ya al-Battani ungepima sentimita 13.6.